Debe ni lile lile, kilo si zile zile

JINJA. Mzigo wa nafaka unaotoka Mpumudde kwenda Busia au Malaba hununuliwa kwa chombo na kuuzwa kwa mizani. Huku ni kikombe cha tumpeco, ndoo na debe. Kule Kenya ni gorogoro rejareja na gunia la kilo 90 kwa jumla. Anayedhani chombo kimoja kina uzito mmoja kwa kila bidhaa hupata hasara kabla hajafika mpakani.

Chombo hupima nafasi, mizani hupima uzito. Lita moja ya maji ina kilo moja, lakini nafaka huacha mianya ya hewa kati ya punje. Lita moja ya mahindi makavu huwa na gramu 720 hadi 750, maharage 750 hadi 800, mchele 800 hadi 850. Karanga zilizobanguliwa huwa na gramu 600 hadi 650, na unga wa mahindi hukaribia hapo hapo. Chumvi laini hupita kilo moja.

Chukua debe la lita 20. Likijaa maharage ni kama kilo 15 na nusu. Likijaa karanga ni kama kilo 12 na nusu. Mfanyabiashara aliyezoea maharage akinunua debe 10 za karanga kwa hesabu ile ile, amelipia kilo 30 ambazo hazimo. Gorogoro nalo lina mtego wake: kilo mbili zilizoandikwa kwenye mkebe zilikuwa za mafuta ya kupikia, si za nafaka.

Dawa yake ni rahisi. Pima chombo chako kikiwa kitupu, kisha ukijaze maji na upime tena. Tofauti ya kilo ndiyo lita zake. Kausha, jaza bidhaa, pitisha kijiti juu ili iwe sawa na ukingo, kisha pima. Toa uzito wa chombo, andika jibu kwenye daftari. Rudia kwa kila bidhaa na kwa kila msimu, kwa sababu punje hubadilika.

Kubalianeni pia kama chombo kinajazwa hadi ukingoni au kwa kilima. Unga ukitikiswa hushuka, hivyo muuzaji na mnunuzi wajaze kwa namna moja.

Unyevu nao una bei. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi hakiruhusu unyevu zaidi ya asilimia 13.5. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 zikikaushwa hadi hapo hubaki kilo 95 hivi. Kilo tano zimekwenda na jua, nawe umeshazilipia.

Mpakani, cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ni cha mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, na bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Thamani hiyo huhesabiwa vizuri ukijua kilo zako. Ukisema "debe 40", afisa atakadiria mwenyewe. Ukisema kilo 620 za maharage, mtazungumza lugha moja.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa anayevuka mpaka, swali linalofuata ni moja: kibaba cha nini, na kina kilo ngapi?