Mzoeshe kifaranga kwa mtu mapema, woga wake unakula mtaji wako



Leo naanza na kosa ambalo mimi mwenyewe nilishiriki. Kijana mmoja katika kata ninayohudumia aliniita nikamsaidie kurudia chanjo ya kideri kwa matone ya jicho. Alikuwa na vifaranga chotara 300 wa wiki tatu, wazima kabisa, banda safi. Tukaingia watu watatu kwa pamoja, tumevaa makoti meupe, na upepo ukaubamiza mlango nyuma yetu. Kufumba na kufumbua, vifaranga wote walikuwa kona moja, wamepandana. Tulihangaika kuwatoa kwa mikono, lakini wa chini walishakosa hewa. Tukahesabu 41 waliokufa. Si ugonjwa, si kicheche. Ni woga tu.

Yule kijana akaniuliza, "Dokta, hivi kuku wangu wana wazimu?" Hawakuwa na wazimu. Hawakumjua mtu. Kila asubuhi alikuwa anaingia mbiombio, anamwaga chakula, anajaza maji, anafunga banda na kuwahi shughuli zake. Kwa vifaranga wale, mtu alikuwa kishindo kinachokuja na kuondoka. Na mimi sikuuliza wamezoea nini kabla ya kuingia na wageni.

Piga hesabu mwenyewe: bei ya kifaranga mara 41, ongeza chakula cha wiki tatu, mkaa na chanjo.

Hasara nyingine zisizoonekana

Vifo vya kurundikana unaviona. Kuna hasara nyingine za kimyakimya. Kuku mwoga anatumia nguvu ya chakula kukimbia badala ya kujenga mwili. Watafiti wa Australia, akiwemo Paul Hemsworth, walichunguza mabanda ya biashara na kukuta kwamba pale kuku wanapomwogopa sana mtu, uzalishaji nao huwa chini. Siku ya kuuza, kuku anayepapatika anavunjika bawa au anavilia damu kwenye nyama, na mteja wa hoteli anamkataa.

Kubwa zaidi ni hili: kuku wanaokukimbia huwezi kuwakagua. Ukiingia wote wanatimka, hata mgonjwa anajikaza akimbie. Kuku waliokuzoea wataendelea na mambo yao, na yule aliyeshusha mabawa utamwona siku ya kwanza.

Kifaranga anakuonaje

Adui wa kifaranga anatoka juu: mwewe na kunguru. Kwa hiyo mkono unaoshuka ghafla kutoka juu, kwake ni mwewe. Chuchumaa, uingize mkono kwa chini, kutoka ubavuni, taratibu.

Pili, siku chache za kwanza baada ya kuanguliwa ndipo kifaranga anamkariri mlezi wake. Kwa kawaida ni kuku mama, anayemwita kwenye chakula kwa sauti na kudonoa chini ili amwonyeshe. Kwenye bruda mama hayupo. Mama ni wewe. Ukiiacha nafasi hiyo ipite, bado utaweza kumzoesha, lakini kwa kazi kubwa zaidi.

Hatua kwa hatua

*Siku ya 1 hadi ya 3.* Joto, maji na chakula kwanza. Kifaranga anayetetemeka hafundishiki. Wiki ya kwanza weka nyuzijoto 32 hadi 35 kwenye usawa wa mgongo wake, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Wakijikusanya chini ya taa wana baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema, joto limezidi. Wakitawanyika wakilia kwa sauti ndogo ya utulivu, hapo sawa. Usiwashikeshike bila sababu. Kaa tu karibu dakika tano, uongee kwa sauti ya chini. Mkono ulaze juu ya maranda, utulie. Watakuja wenyewe kuudonoa.

*Siku ya 4 hadi ya 7.* Tandika karatasi, nyunyiza chakula kidogo, kisha gonga kwa ncha ya kidole kama kuku mama anavyodonoa. Watafuata kidole. Baadaye weka chakula kiganjani. Chagua mlio mmoja, mluzi au kugonga kopo, na uutoe kila unapowalisha. Usiubadilishe. Mlio huo utakuja kukusaidia kuwaingiza bandani mvua ikinyesha.

*Wiki ya 2.* Sasa waguse. Ingiza kiganja chini ya kifua, mkono wa pili ufunike mabawa, mnyanyue kidogo, hesabu mpaka kumi, mrudishe mpaka miguu iguse chini. Usimwachie adondoke, usimshike bawa wala mguu mmoja. Chanjo ya kwanza ya kideri huangukia kwenye siku ya 7 hivi, kwa hiyo ifanye jioni, mwanga ukiwa hafifu, ukiwatenga makundi madogo kwa kipande cha boksi.

*Wiki ya 3 na ya 4.* Wazoeshe mabadiliko. Leo ingia na koti, kesho bila koti. Washa redio kwa sauti ndogo. Mwingize na mtu mwingine wa nyumbani. Na kila siku piga hodi: gonga mlango, ongea, subiri kidogo, ndipo ufungue. Usicheke, hodi inaokoa kuku. Wanajua mtu anakuja, hawashtuki.

"Mimi nina vifaranga 1,000, nitamshika yupi?"

Swali zuri. Si lazima umshike kila mmoja. Kifaranga hupunguza woga hata kwa kumwona mtu kila siku akipita karibu bila kumdhuru. Tembea katikati yao polepole, asubuhi na jioni, ukiburuta miguu badala ya kunyanyua hatua ndefu. Simama, chuchumaa, endelea. Dakika kumi kila mzunguko zinatosha, na ndio muda huohuo wa kukagua maji na maranda. Kama umeajiri kijana wa kuhudumia banda, mfundishe yeye hasa. Ukimya wako wote hausaidii kitu kama yeye anawapiga teke.

Pia ziba kona zote za bruda kwa maboksi yaliyokunjwa mviringo. Hata waliozoea wanaweza kushtuka siku moja, na pasipo na kona hawana pa kurundikana.

Tahadhari

Kumzoesha kuku mtu hakumaanishi kuruhusu kila jirani aje kuangalia. Wageni hubeba magonjwa kwenye viatu. Weka dawa ya kukanyagia mlangoni, na wanaoingia wawe wa nyumbani tu. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada. Kuku mzima kabisa anaweza kuwa na salmonela. Watoto wasiwabusu vifaranga wala kula wakiwa wamewashika.

Na majogoo wadogo msicheze nao mchezo wa kuwachokoza na kuwasukuma kwa mguu. Jogoo aliyezoea kushindana na mtu, akikua atakurukia na kukuchoma kwa kucha.

Yule kijana

Alileta vifaranga wengine. Safari hii alikaa nao tangu siku ya kwanza, na mlio wake ni kugonga kopo la maziwa. Nilikwenda kumsaidia chanjo ya ndui, ile inayodungwa kwenye ngozi ya bawa, ambayo lazima umshike kuku mmoja mmoja. Tulianza jioni, tukapiga hodi, tukaingia wawili tu. Wachache walipiga kelele walipodungwa. Tulipomaliza akagonga kopo, wakamzunguka miguuni kama kawaida.

Hakufa hata mmoja siku ile. Chakula ni kilekile, banda ni lilelile. Alichoongeza ni dakika kumi asubuhi na kumi jioni.

Kama vifaranga wako wanafika wiki hii, anza siku hiyohiyo. Ukikwama, mwone afisa mifugo wa kata yako kabla ya siku ya chanjo, si baada.