Mgonjwa Anayechekwa Mapokezini Harudi

Februari 2010, umati ulivamia kliniki ya utafiti wa VVU ya KEMRI mjini Mtwapa, pwani ya Kenya, ukidai inahudumia mashoga.

Watafiti hawakufungasha virago. Waliketi na viongozi wa dini na wa mtaa, kisha wakawafunza watoa huduma 74 wa vituo 49 kumhudumia mgonjwa bila kumdhalilisha.

Tafiti zilizofuata pwani hiyo zilionyesha kuwa waliozaliwa wavulana lakini wanajitambua kuwa wanawake wako katika hatari kubwa ya kupata VVU. Wakiogopa kituo, hukosa vipimo na dawa.

Mzazi wa Mbinga naye ana sehemu yake: mtoto akikueleza jambo zito, msikilize kabla ya kumfokea. Akiugua, atakuambia mapema.