Maji Chini ya Yonge Street

Tarehe 17 Machi 1960, kilomita chache kusini mwa mji wa Thornhill, Kanada, vibarua wa Kiitaliano walikuwa ndani ya njia nyembamba waliyoichimba chini ya Mto Don, katika bonde la Hoggs Hollow, Toronto. Njia hiyo ilikuwa ya kupitishia bomba la maji, na kipenyo chake hakikufika mita 2. Ardhi pale ni mchanga uliolowa. Ili maji yasiwafurikie, hewa iliyoshindiliwa ilisukumwa ndani mpaka nguvu yake ikalingana na ya maji ya nje. Moto ukazuka. Hewa ya namna hiyo huchochea moto, na mtu hawezi kuitoka ghafla bila mwili wake kudhurika. Watano hawakutoka hai, na vifo vyao viliisukuma serikali ya Ontario kuandika upya sheria za usalama kazini.

Kinachoifanya ardhi hii iwe na maji kiasi hicho kiko kaskazini. Huko umelala ukanda wa vilima vya mchanga na kokoto ulioachwa na barafu ya kale, Oak Ridges Moraine, wenye urefu wa takriban kilomita 160. Mvua na theluji inayoyeyuka hunyweka humo, kisha maji husafiri polepole kuelekea kusini kupitia matabaka ya mchanga yaliyobanwa juu na chini na udongo mgumu. Maji yaliyobanwa hivyo huwa na shinikizo. Ukiutoboa udongo, hupanda yenyewe kama soda iliyotikiswa. Hesabu yake ni nyepesi: kila mita 10 za kimo cha maji huongeza takriban tani 10 kwa kila mita moja ya mraba. Ukuta ulio mita 30 chini ya usawa wa maji hubeba tani 30 kwa kila mita hiyo ya mraba, usiku na mchana.

Mhandisi ana njia mbili: kuyavuta maji au kuyazuia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mkoa wa York, ambao Thornhill imo ndani yake, ulichagua kuvuta ulipochimba bomba kubwa la majitaka chini ya 16th Avenue. Pampu zilifanya kazi na mchanga ukakauka kama ilivyotakiwa. Lakini tabaka lile lile ndilo lililolisha visima vya wakazi wa Markham, na baadhi ya visima vikapungukiwa. Bomba lililofuata, lenye kilomita 15 kuelekea Pickering, lilichimbwa kwa mashine zinazoshikilia udongo uliokatwa mbele yao ili tope hilo lisukumane na maji ya nje. Nyuma ya mashine, vipande vya zege vyenye mipira ya kuzibia huunganishwa papo hapo. Maji hubaki kwao. Huo ulikuwa uamuzi bora, na ulifaa kufanywa tangu mwanzo.

Siku hizi, anayetaka kuvuta zaidi ya lita 50,000 za maji kwa siku Ontario hubanwa na masharti ya serikali. Kiwango hicho kinasikika kikubwa, lakini hakifiki madumu mawili ya lita 20 kwa dakika. Shimo la msingi wa jengo moja refu linaweza kukivuka kwa urahisi, na njia ya treni ya chini ya ardhi iliyopangwa kutoka Finch hadi Richmond Hill, ikipita Thornhill, itajengwa katika ardhi hiyo hiyo.

Tofauti na njia hizi za mijini, mgodi wa makaa ya mawe hauna anasa ya zege. Mwamba ukishatolewa makaa, katika migodi mingi paa huachwa liporomoke nyuma ya wachimbaji. Likiporomoka, nyufa hupanda juu, na zikigusa tabaka lenye maji, maji hushuka. Kwa hiyo mgodi huishi kwa kuvuta: njia huchimbwa kwa mteremko, maji hutiririka kwenye mfereji hadi shimo la kukusanyia, na pampu huyapandisha kituo kwa kituo hadi juu. Umeme ukikatika bila akiba, maji hayasubiri.

Hata hivyo, adui mkubwa kuliko chemchemi ni mgodi wa zamani uliosahauliwa. Wanaapolo wa Mererani, wachimbaji wa tanzanite, wana neno zuri kwa hali ya shimo moja kukutana na jingine: mtobozano. Katika mafuriko ya mwaka 1998, na tena Machi 2008, mvua ziliingia mashimoni Mererani na kuua makumi ya watu; pale ambapo mashimo yameungana, maji ya mmoja huwa ya wote. Mtobozano wa makaa ulitokea Quecreek, Pennsylvania, Julai 2002. Wachimbaji walitoboa ukuta wa mgodi wa kale uliojaa maji, kwa sababu ramani waliyoifuata haikuonyesha mwisho wake halisi. Tisa walinaswa ndani kwa saa 77, wakaokolewa wote kupitia tundu lililochimbwa kutoka juu. Ndiyo maana mgodi makini hutoboa matundu marefu ya kupima mbele kabla ya kusonga, na huacha ukuta mnene wa makaa bila kuuchimba, hata kama mwenye mgodi anautamani.

Maji yakishafika juu, kazi haijaisha. Makaa mengi yamechanganyika na madini ya chuma na salfa, ambayo yakikutana na hewa na maji hutoa tindikali. Mkondo unaopokea maji hayo ghafi hugeuka rangi ya kutu na samaki hufa. Tiba ya kawaida ni chokaa ya kupunguza ukali, kisha mabwawa ambamo chuma hutuama kabla maji hayajaachiwa mtoni.

Na mgodi ukifungwa, pampu zikazimwa, maji hurudi kujaza nafasi yake. Springhill, jimbo la Nova Scotia, ulikuwa mji wa makaa wenye historia ya misiba mikubwa; leo mashimo yake yamejaa maji yaliyopashwa joto na ardhi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, viwanda vya mji huo vimekuwa vikiyapandisha maji hayo, kuyatoa joto la kupashia majengo wakati wa baridi, kisha kuyarudisha shimoni.