Je, Wajua? Wanyama Waliochorwa kwa Kusikia

Je, wajua kwamba kifaru anayejulikana kuliko wote katika sanaa ya Ulaya alichorwa na mtu ambaye hakuwahi kumtia kifaru machoni?

Tarehe 20 Mei 1515 meli ya Wareno ilitia nanga Lisbon. Ndani yake alikuwamo kifaru hai, mnyama ambaye Ulaya haikuwa imemwona tangu zama za Warumi. Alitoka Gujarat, India, ambako Sultani Muzaffar wa Pili alimtoa zawadi kwa gavana wa Kireno Afonso de Albuquerque, naye gavana akamsafirisha kwa mfalme wake, Manuel wa Kwanza. Safari ilichukua miezi minne hivi, na njiani meli ilipumzika Msumbiji. Mfalme akataka kujua nani mbabe kati ya kifaru na tembo, akawakutanisha uwanjani. Tembo alitimua mbio.

Habari zikasafiri. Barua moja na mchoro wa harakaharaka vilifika Nuremberg, Ujerumani, kwa fundi Albrecht Dürer. Akaketi na karatasi hiyo, akachora, ubao ukachongwa, ukapigwa chapa. Ukiukodolea macho mchoro ule utaona mambo. Mikunjo ya ngozi ya kifaru wa Kihindi imegeuka mabamba ya chuma, kama mavazi ya askari wa vita, na pembeni mwa mabamba kuna vidoadoa vilivyojipanga mithili ya misumari. Miguu ina magamba kama ya kenge. Na juu ya mabega, mahali ambapo kifaru yeyote hana kitu, pametokeza kipembe kidogo kilichojipinda.

Kifaru mwenyewe hakuishi kuona umaarufu wake. Mfalme alimtuma Roma kwa Papa Leo wa Kumi, na mapema mwaka 1516 meli ikazama karibu na pwani ya Italia. Maskini alikuwa amefungwa minyororo, hakuweza kuogelea. Mchoro ndio ulioishi. Ulichapwa maelfu kwa maelfu, ukanakiliwa na waandishi wa vitabu vya wanyama, na kipembe cha begani kikaenda nao kila mahali. Miaka zaidi ya mia mbili baadaye kiwanda cha vyombo vya kauri cha Meissen bado kilifinyanga kifaru kwa kuufuata.

Dawa ya kosa hilo ilikuja kwa miguu minne. Mwaka 1741 nahodha mmoja wa Kiholanzi, Douwe Mout van der Meer, alishuka Rotterdam na kifaru jike kijana kutoka Bengali aliyeitwa Clara. Akamzungusha Ulaya miaka na miaka, watu wakilipa kiingilio kumtazama, mpaka Clara alipofia London mwaka 1758. Huko Paris mwaka 1749, Jean-Baptiste Oudry alimchora kwa ukubwa wake halisi kwenye turubai ya mita 3 kwa 4 na zaidi. Ngozi ni ngozi, jicho ni dogo na limechoka, na begani hakuna pembe. Mafundi wa saa wakaanza kutengeneza saa za mezani zilizobebwa mgongoni na kifaru wa shaba, sasa kwa umbo la Clara. Mnyama mmoja aliyeonekana kwa macho alivunja imani ya zaidi ya karne mbili.

Twiga naye ana kisa chake, na hiki kinatugusa sisi wa pwani. Mwaka 1414 ujumbe wa mfalme wa Bengali uliingia China na zawadi ya twiga kwa mfalme Yongle wa nasaba ya Ming. Bengali hakuna twiga. Alikuwa ametoka Afrika. Mwaka uliofuata, 1415, Malindi nayo ikapeleka twiga wake. Wachina walikuwa na kisa cha kale cha mnyama wa heri aitwaye qilin, mwenye mwili wa paa, mkia wa ng'ombe na magamba, ambaye hujitokeza zama za mtawala mwema tu. Kwa lugha ya Kisomali twiga huitwa geri, na wengi huamini ukaribu wa sauti ulisaidia kulichomeka jina hilo. Mwandishi wa ikulu Shen Du alitunga maneno ya sifa yakaandikwa juu ya picha ya twiga huyo. Picha hiyo ilinakiliwa baadaye, na nakala mojawapo imehifadhiwa Philadelphia, Marekani.

Hapa mchoraji alimwona mnyama, wala si kwa mbali. Shingo iko sawa, vipembe viko sawa, na mchungaji aliyeshika kamba anaonekana mfupi kando yake. Lakini angalia mabaka. Yamepangwa safu kwa safu, yakabanana kama magamba ya samaki. Mkono ulimchora twiga wa Afrika huku moyo ukimtaka qilin. Kwangu picha hii ina thamani kuliko nyingine zote za habari hii, kwa sababu inaonyesha kwamba hata aliyeona huweza kuchora alichokuwa akikingoja.

Karne nne baadaye Wafaransa nao walipata wa kwao. Muhammad Ali Pasha wa Misri alimpelekea mfalme Charles wa Kumi twiga jike aliyekamatwa Sudan angali mdogo. Alifika Marseille mwaka 1826, na mwaka 1827 akatembea kwa miguu mpaka Paris, safari ya kilomita zipatazo 880, akisindikizwa na bingwa wa elimu ya wanyama Étienne Geoffroy Saint-Hilaire. Wakati huo bingwa mwenyewe alikuwa mzee wa miaka 55 mwenye maradhi. Paris ilirukwa na akili. Twiga akatokea kwenye sahani, vitambaa na karatasi za ukutani, na wanawake wakasuka nywele kwenda juu wakiita mtindo huo wa twiga. Alikufa mwaka 1845. Mwili wake uliokaushwa unasimama mpaka leo katika jumba la makumbusho mjini La Rochelle.

Je, wajua kwamba kuna mtu aliyechora alichokiona kwa macho yake, na bado akaitwa mwongo?

Huyo ni Maria Sibylla Merian, mwanamke wa Kijerumani aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1647. Tangu utotoni alifuga viwavi ili aone namna wanavyogeuka vipepeo. Mwaka 1699, akiwa na miaka 52, aliuza michoro yake apate nauli, akapanda meli na bintiye mdogo, Dorothea, wakaenda Suriname, Amerika ya Kusini. Mwanamke kufunga safari ndefu namna hiyo kwa ajili ya wadudu lilikuwa jambo lisilosikika. Alikaa miaka miwili, akifundishwa majina na matumizi ya mimea na wenyeji wa nchi, na pia na Waafrika waliokuwa watumwa mashambani, mpaka maradhi yalipomrudisha Amsterdam mwaka 1701. Kitabu chake kilitoka mwaka 1705, kikiwa na kurasa 60 za picha.

Picha ya 18 ni ya mpera. Majani yameliwa yakabaki matundu, na matawi yamejaa buibui na chungu. Mahali pamoja chungu wameshikana miili kufanya daraja kutoka kijiti hadi kijiti. Chini, buibui mkubwa mwenye manyoya amemlaza chali kindege mdogo kabisa, wa aina ile inayonyonya maua kama chozi wetu, kando ya kiota chake. Mabingwa wa karne ya 19, wengine hawajakanyaga Suriname, walisema haiwezekani. Buibui hali ndege. Mmoja wao, Lansdown Guilding, aliandika makala nzima ya kukifumua kitabu cha mama huyu aliyekuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka mia moja. Kisha Mwingereza Henry Walter Bates, aliyeishi miaka 11 katika misitu ya Amazon, akaandika mwaka 1863 kwamba alimwona buibui wa jamii hiyo akiwa na ndege. Merian alikuwa na makosa yake, kwa mfano alichanganya chungu wakata majani na siafu. La buibui lilikuwa kweli.

Ndege wa peponi wa Guinea Mpya walipata balaa ya namna nyingine. Ngozi zao zilifika Ulaya kuanzia mwaka 1522 zikiwa zimekatwa miguu na watayarishaji wake, basi watu wakasema ndege hawa hawatui, huishi angani wakila umande. Wachoraji wakawachora bila miguu. Mtaalamu wa viumbe Linnaeus alipotoa majina ya kitaalamu mwaka 1758, mmoja akamwita apoda, maana yake asiye na miguu. Jina hilo halijabadilishwa hadi leo.

Sasa turudi nyumbani, kwenye msitu wa Ituri, Kongo. Mwaka 1900 Harry Johnston, mkuu wa serikali ya Kiingereza nchini Uganda na mchoraji hodari, aliingia msituni kumtafuta mnyama ambaye Wambuti, wenyeji wa msitu huo, walimjua vizuri na Wazungu walikuwa wamemsikia tu. Waongozaji wake wakamwonyesha nyayo. Zilikuwa za kwato zilizopasuka, kama za ng'ombe. Johnston alikuwa ameshajiaminisha kwamba anamtafuta jamaa wa punda, na kwato ya punda ni moja, kwa hiyo akadhani wanampoteza, akaziacha. Alichopata ni vipande vya ngozi yenye milia vilivyoshonwa mikanda. Akavipeleka London, na mwaka 1901 mnyama akapewa jina la ukoo wa farasi.

Katikati ya mwaka huohuo ngozi nzima na mafuvu vikafika London, na ikabainika kwamba mnyama yule, aitwaye okapi, ni ndugu wa twiga. Nyayo zilisema kweli, na waliozionyesha walisema kweli. Johnston alimchora kwa rangi, na ulimwengu wa nje ukamwona okapi kwa mara ya kwanza kupitia mkono wake. Leo sura ya okapi ni nembo ya taasisi ya serikali ya Kongo inayohifadhi mazingira, na jina lake linabebwa na Redio Okapi, iliyoanza mwaka 2002 na inayosikika kwa Kiswahili pia.

Tunao wachoraji waliozaliwa kati ya wanyama wenyewe. Jonathan Kingdon alizaliwa Tabora mwaka 1935, akafundisha sanaa Makerere, na kati ya mwaka 1971 na 1982 akatoa juzuu saba za wanyama wa Afrika Mashariki. Hakutosheka na manyoya. Katika kurasa zake utamkuta mnyama mmoja akiwa hai, akiwa amechunwa, misuli yake, kisha fuvu, na pembeni vijichoro vya penseli vikionyesha anavyogeuza masikio akiwa na hasira. Ni vitabu vizito, na ningependa kila maktaba ya mkoa iwe navyo.

Edward Saidi Tingatinga hakuwa na chuo. Alizaliwa mwaka 1932 wilaya ya Tunduru, ambako simba na tembo si wa kusimuliwa. Alipohamia Dar es Salaam alifanya vibarua vya kila namna, na mnamo mwaka 1968 akaanza kuchora Oysterbay kwa alivyoweza kumudu: vipande vya hadibodi za dari na rangi ya kupakia baiskeli. Katika kazi zake za mwanzo mnyama mmoja hujaza ubao wote wa mraba, mgongo ukigusa juu na kwato zikigusa chini, jicho limefumbuka likikutazama. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa kijana. Wanafunzi wake wachache wakaendelea, na jina lake likawa jina la aina nzima ya uchoraji.

Hata sandukuni mwa bibi yako yumo mnyama. Khanga, kwa masimulizi ya pwani, imepata jina kwa ndege kanga, kwa sababu vitambaa vya mwanzo vilikuwa na madoadoa meupe kama manyoya yake.

Na wa kale kuliko wote wako Kondoa. Katika majabali ya wilaya hiyo kuna mapango na vivuli vya mawe zaidi ya 150 vyenye michoro, mingi yake ya ngeu nyekundu: twiga, tembo, pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Mtafiti Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akinakili mamia ya michoro kwa mkono, na mwaka 2006 UNESCO ikalipatia eneo hilo hadhi ya urithi wa dunia. Wenyeji bado wana mahali katika miamba hiyo wanapofanyia matambiko. Twiga wa Kolo, kijiji cha Kondoa, hana magamba ya qilin. Ana mstari wa mgongo unaoteremka, shingo iliyosogezwa mbele kidogo kama anayeanza kutembea, na mstari huo umepigwa na mtu aliyemtazama twiga siku nyingi, pengine akiwa na njaa.

Kolo iko kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Arusha. Ukipita, simama, mchukue mwongozaji, upande kilima. Usiguse michoro, na usiimwagie maji ili rangi ikolee kwenye picha ya simu yako, maana kila anayefanya hivyo huondoka na kidogo cha ile ngeu.