CHANDA KILICHOVIKWA PETE NA VILE VINGINE

Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Hawakukosea. Lakini je, msomaji mpenzi, umewahi kujiuliza vile vidole vingine hujihisi vipi pete inapometameta pale kando yao? Navyo si vilishika jembe pamoja na hicho chanda? Si vilifua nguo pamoja?

Swali hili si la mzaha. Kwaya huenda kwenye tamasha la muziki ikiwa na watu arobaini. Ikirudi na kikombe, shule nzima hutaja jina la mmoja tu, yule aliyeongoza wimbo. Wale wa sauti ya nne hushuka kwenye basi kimya kimya na kubeba ngoma hadi stoo. Baadhi yao hucheka na kusema, "Ala! Si hata sisi tulikuwapo!" Wengine hununa, na mwaka unaofuata hawaonekani mazoezini. Ili tuelewe jinsi sifa zinavyogawanywa, na kwa nini hazigawanywi sawa, hebu twende hadi Jamaika tukalitazame kundi la The Wailers.

Hapa shuleni nani asiyemjua Bob Marley? Nyimbo zake hupigwa kwenye matatu, na picha yake imejaa kwenye fulana na mabegi. Haya, nitajie wenzake. Wawili pengine utawapata: Peter Tosh na Bunny Wailer. Na wale wengine watatu je? Hapo ndipo wengi wetu huanza kukuna kichwa.

Kundi hilo lilianza mwaka 1963 katika Trenchtown, mtaa wa watu maskini jijini Kingston. Lilikuwa na vijana sita: Bob, Peter, Bunny, Junior Braithwaite na wasichana wawili, Beverley Kelso na Cherry Smith. Bob na Bunny walikuwa kama ndugu, kwani mama yake Bob na baba yake Bunny walizaa mtoto pamoja. Mwalimu wao alikuwa Joe Higgs, mwimbaji ambaye tayari alikuwa na jina. Huyu aliwafunza uani kwake jinsi ya kupanga sauti zikapatana. Mapema mwaka 1964 wimbo wao "Simmer Down", unaowataka vijana wakorofi wapoze hasira, ulishika nafasi ya kwanza Jamaika.

Wala usidhani kwamba Bob ndiye pekee aliyekuwa na koo. Junior alikuwa na sauti nyororo ya juu, na ndiye aliyeongoza wimbo "It Hurts to Be Alone" wa mwaka 1964. Peter alikuwa stadi wa gitaa. Basi ilikuwaje pete ikaenda kwenye kidole kimoja? Nimeona sababu nne.

Kwanza, safari. Mwaka huo huo wa 1964 Junior alihamia Marekani, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano tu. Hakufukuzwa, wala hakushindwa kuimba. Ilipofika mwaka 1966 Beverley na Cherry nao hawakuwamo tena, wakabaki watatu. Aliyeondoka hakujua anaacha nini, na waliobaki pia hawakujua wanangoja nini. Tusije tukamcheka mtu kwa kutoliona jambo ambalo lilikuwa bado halijatokea.

Pili, uamuzi wa mtu mwenyewe. Mwaka 1973 kampuni ya Island, iliyoanzishwa na Chris Blackwell, ilitoa albamu yao "Catch a Fire", na kundi likafanya ziara Uingereza. Bunny hakuipenda kabisa ile ziara. Baridi ilimsumbua, chakula hakikumfaa, na kumbi za starehe walizotakiwa kuimbia hazikupatana na imani yake ya Kirastafari. Zamu ya Marekani ilipofika, yeye alibaki kwao. Unajua nani aliyeziba pengo lake? Ni yule yule Joe Higgs! Mwalimu alisimama mahali pa mwanafunzi wake, na hata hivyo ni wachache leo wanaolijua jina lake.

Tatu, jina lililo kwenye jalada. "Catch a Fire" na "Burnin'", zote za mwaka 1973, zilitoka kwa jina la The Wailers. Peter na Bunny walipokwisha kujitenga, albamu ya "Natty Dread" ya mwaka 1974 ilitoka kwa jina la Bob Marley and the Wailers. Mnunuzi aliye ng'ambo hajui nani aliimba sauti ipi. Yeye husoma jina lililotangulia. Tena mwaka huo huo Eric Clapton wa Uingereza aliuimba upya wimbo wa Bob "I Shot the Sheriff", ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Watu wakaanza kumtafuta mtunzi. Lakini "Get Up, Stand Up", ambao hadi leo huimbwa na wanaodai haki zao, ulitungwa na Bob pamoja na Peter. Ni wangapi humtaja Peter?

Nne, kinachofanywa baada ya mtu kufa. Bob alifariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Mwaka 1984 nyimbo zake zilikusanywa katika albamu ya "Legend", ambayo imeuzwa kuliko albamu nyingine yoyote ya rege. Kifo peke yake hakileti umaarufu, jamani. Peter aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Kingston mwaka 1987, na mwaka uliofuata albamu yake ya mwisho ikapata tuzo ya Grammy. Junior naye, aliyekuwa amerudi kwao, aliuawa Kingston mwaka 1999. Dunia haikusimama kwa ajili yao kama ilivyosimama kwa ajili ya Bob.

Tusimnyime Bob haki yake, lakini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama. Alitunga, akazunguka dunia, na Aprili 1980 alikuja hadi Zimbabwe kuimba katika sherehe za uhuru. Pete hakuiiba. Ninachosema ni kwamba pete haipimi urefu wa vidole vingine.

Mtazame Bunny. Alipata Grammy tatu, mwaka 1991, 1995 na 1997, na mbili kati ya hizo alipewa kwa albamu za kumkumbuka na kumuenzi Bob. Mwingine angeona hiyo ni aibu, kwamba hata tuzo yako inakuja kwa jina la mwenzako. Mimi naona ni ndugu aliyeimba nyimbo za nduguye bila kinyongo. Bunny aliishi hadi mwaka 2021, wa mwisho kati ya wale watatu.

Wala kuachana si lazima kumzike mtu. Hapa kwetu Kenya, mwaka 1978 wanamuziki kadhaa walitoka katika bendi ya Simba Wanyika wakaunda Les Wanyika. Wimbo wao "Sina Makosa" ukapendwa kote Afrika Mashariki, na hata wazee wetu wakiusikia huacha kijiko wakatikisa mabega. Hapo waliotoka ndio waliovuma. Kwa hiyo atakayesema kwamba anayeondoka hupotea, au kwamba anayebaki ndiye bora, atakuwa hajalichunguza jambo.

Wanafunzi wenzangu, tumalizie nyumbani. Wewe uliye sauti ya nne, usiache mazoezi kwa sababu jina lako halikusomwa gwarideni. Bila wewe wimbo ungekuwa wa mtu mmoja anayepiga kelele. Nawe uliyevikwa pete, ukipewa nafasi ya kushukuru, wataje wenzako kwa majina, mmoja mmoja, hata kama kengele ya darasa imelia. Na sisi tulio wasikilizaji tuna kazi yetu pia: tukisikia wimbo mzuri, tuulize ni nani mwingine aliyekuwamo. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kikiwa na pete ya dhahabu.