Istilahi za Magari: Bushi za Mpira na Vitenzi vya Kuzifungia

Miongoni mwa maswali yanayowakabili wafasiri wa vitabu vya ufundi, lipo moja linaloonekana dogo: sehemu ya mashine ambayo mafundi wamekwisha kuipa jina, je, tuiundie jina jipya au tulipokee jina lao? Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo kwa kuchunguza sehemu moja tu ya gari, nayo ni bushi ya mpira inayofungwa katika springi na katika mikono inayoshika magurudumu. Tumeichagua kwa sababu kosa la mfasiri juu yake haliishii kwenye karatasi. Huteremka mlimani pamoja na abiria.

Kitu chenyewe na kazi yake

Istilahi haiwezi kuwa sahihi kabla kitu chenyewe hakijafahamika. Bushi ya mpira ya gari kwa kawaida ina sehemu tatu: bomba fupi la chuma kwa nje, bomba jembamba zaidi kwa ndani, na mpira ulioshikamana na mabomba yote mawili katikati. Bomba la nje hushindiliwa kwa nguvu katika jicho la springi au katika mkono wa gurudumu. Bomba la ndani hupitishwa bolti, likabanwa lisiweze kuzunguka. Gurudumu linapopanda na kushuka, mabomba hayo hayasuguani. Mpira ndio unaosokoteka kidogo na kurudi.

Tuichukue barabara ya Mgeta iwe mfano wetu. Gari litokalo Morogoro huiacha barabara kuu ya Iringa penye Sangasanga, likapita Mlali, kisha likaanza kuipanda milima ya Uluguru kwa kona nyingi. Huko juu hulimwa kabichi, karoti, njegere na viazi, na mazao hayo hushushwa hadi masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Kwa Land Rover ya zamani yenye springi za mabamba, kila jiwe la njiani ni msokoto mmoja wa mpira. Bushi ikichakaa, gari hugonga chini, tairi huliwa upande mmoja, na dereva akikanyaga breki ekseli husogea mahali pake, gari likavuta upande. Katika mteremko wenye korongo kando yake, hilo si jambo la kupuuza.

Wala haya si ya magari ya mizigo peke yake. Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, lina bushi za mpira katika mikono ya chini ya magurudumu yake yote. Magari ya namna hiyo sasa ni ya kale, na tangu mwaka 2003 yameonekana tena katika mashindano ya Safari ya magari ya kale. Mpira uliokaa miaka 50 hukauka na kupasuka hata kama gari halitembei, maana mpira huzeeshwa na joto, hewa na mafuta. Kwa hiyo yeyote anayelifufua gari kama hilo hana budi kubadili bushi zake, na maelezo ya kazi hiyo ndiyo anayoletewa mfasiri.

Jina

Kanuni zilizozoeleka hututaka tuanze na hazina ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha tutazame lugha nyingine za Kibantu, na ndipo tuziendee lugha za kigeni. Tukizifuata, tutapata maneno kama pete na kikombe. Lakini pete haionyeshi urefu wa kitu hiki, na kikombe kina kitako, hali bushi imetoboka pande zote mbili. Tukisema tuunde neno kwa kufuata kazi yake, mathalani kizuiamtikisiko, tutaingia katika matatizo makubwa zaidi, kwa kuwa gari lina kifaa kingine cha kutuliza mtikisiko, nacho ni shokomzoba, au shokapu kwa wengine. Istilahi moja ikibeba vitu viwili, fundi atabadili kile kisichoharibika.

Bushi, kwa upande wake, ni neno ambalo fundi wa Morogoro na fundi wa Mombasa wanalifahamu bila ya kufafanuliwa. Linaishia kwa irabu, limeingia katika ngeli ya I-ZI pasipo taabu, na linakubali kuongezewa sifa: bushi ya mpira, bushi ya shaba, bushi ya springi. Kiingereza nacho kililiazima kutoka Kiholanzi, ambako maana yake ilikuwa kopo au kasha. Halina udugu na neno la Kiingereza lenye maana ya kichaka, ingawa maneno hayo mawili huandikwa na kutamkwa sawasawa. Mfasiri anayetegemea kamusi ya jumla peke yake ajihadhari asije akapanda vichaka chini ya gari.

Vitenzi

Wengi hudhani kwamba istilahi ni nomino tu. Katika bushi, hatari kubwa imo katika vitenzi. Tazama agizo hili: “Pachika bolti na uikaze, kisha shusha gari.” Ni Kiswahili fasaha, lakini ni ufundi mbovu. Bolti ikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira hushikwa katika hali hiyo. Gari likishushwa, mpira huwa umekwisha kusokoteka kabla safari haijaanza. Ukiongezewa magunia ya viazi na mashimo ya njiani, huchanika mapema, na lawama humwangukia aliyeuza bushi.

Agizo lililo sahihi ni hili: “Pachika bolti na uishikize. Shusha gari lisimame kwa magurudumu yake na kubeba uzito wake. Ndipo uikaze.” Kwa hiyo tunapendekeza kutenganisha kushikiza, yaani kufunga nati kwa kiasi cha kuzuia isidondoke, na kukaza, yaani kufunga kwa nguvu kamili iliyoagizwa. Vivyo hivyo, kushindilia, yaani kusukuma kwa nguvu iliyo sawa kwa jiliwa au presi, kusichanganywe na kugonga kwa nyundo, kunakopinda bomba. Na kuchomoa, ambako huacha kitu kizima, kutofautishwe na kung'oa. Katika Datsun tuliyoitaja, pini ndefu ya mkono wa nyuma huganda kwa kutu. Fundi anayeambiwa aing'oe aweza kuiharibu pamoja na nyumba yake.

Mpira na plastiki

Siku hizi zinauzwa pia bushi za poliyurethani, ambazo ni plastiki ngumu. Madukani nazo huitwa mpira. Jina hilo halifai katika maandishi, kwa sababu maagizo yake ni tofauti. Bushi ya mpira haipakwi gresi ya kawaida wala mafuta, maana huulainisha na kuuvimbisha mpira. Kuirahisishia njia hutumiwa maji ya sabuni. Nyingi za plastiki huzunguka juu ya bomba lake la ndani badala ya kusokoteka, na hupakwa gresi maalumu iliyoagizwa na mtengenezaji. Mtumishi anayejaza hati ya manunuzi akiandika “mipira ya springi” tu, hajui atakacholetewa, na fundi atakayekipokea hajui akifunge kwa maagizo yapi.

Mapendekezo

Tunapendekeza basi kwamba bushi likubaliwe kuwa istilahi sanifu. Kwamba litajwe daima pamoja na kitu ilichotengenezewa na mahali inapofungwa, mathalani bushi ya mpira ya springi ya nyuma. Na kwamba walimu wa vyuo vya ufundi wafundishe vitenzi vyake kwa uangalifu uleule wanaofundishia majina ya vipuri. Neno la gereji halina upungufu kwa kuwa limezaliwa penye gresi. Likitaja kitu kimoja, likaeleweka kwa wote, wajibu wetu ni kulisajili na kulifafanua.

Tunawaomba wafasiri, walimu na mafundi watuletee maneno mengine yanayotumika mahali walipo, pamoja na maelezo ya kazi ya kila kitu kinachotajwa, ili yapimwe kabla ya kusanifiwa.