Mtumbwi, bata wa Ruai na kitoweo chenye mashaka



Ijumaa moja baada ya swala, mpwa wangu alikuja nyumbani kwangu Umoja. Ana miaka 24. Amezaliwa Kipini, pale Mto Tana unapokutana na bahari, na tangu mtoto amejua kukaa ndani ya mtumbwi kuliko kukaa juu ya kiti. Huku Nairobi amepanga chumba Kayole na wenziwe wawili. Kazi ya mjengo leo ipo, kesho haipo. Wiki ile alipata kibarua cha kuchimba msingi upande wa Ruai, na huko akaona jambo lililomnyima usingizi.

"Mjomba, kule kuna mabwawa makubwa, na bata wamejaa kama waliomwagwa. Hapana anayewagusa. Nikipata mbao naunda kihori kidogo, naingia alfajiri, nikitoka nina bata kumi. Watu wa plot yetu washasema watanunua."

Nikamuuliza, "Ndani ya mabwawa yale mna nini?"

"Maji, mjomba."

Alitaka nimkopeshe shilingi 8,000 za mbao, misumari na lami. Sikumjibu pale pale. Nilimwambia anipe siku chache nimfikirie. Haya ninayoandika ndiyo niliyomwambia aliporudi, na nayaleta hapa kwa sababu najua si yeye peke yake aliyepita Ruai akawaza hivyo.

Hesabu yake ya chombo ilikuwa sawa

Nianze kwa kumpa haki yake. Kijana hakuwaza upuuzi. Duniani kote, penye vinamasi na ghuba za maji mafupi, bata wamewindwa kwa vyombo vidogo. Bata ana macho makali, na kinachomtisha zaidi ni umbo la mtu aliyesimama. Ukitembea ukingoni atakuona mbali, ataruka. Lakini chombo kifupi kilicholala juu ya maji, kimefunikwa matete na kinasogea polepole, hukiona kama gogo linaloelea.

Ndiyo maana chombo cha kazi hiyo huwa bapa chini na hakina mkuku mrefu, kiweze kupita penye maji ya kufika magotini. Mwindaji hulala kifudifudi au huketi chini kabisa. Hapigi kafi kwa nguvu, maana kafi hupiga kelele na kurusha maji. Husukuma kwa pondo taratibu. Huchagua kuwa na jua mgongoni, ili bata wakigeuka wapigwe na mwanga machoni. Na bata akishaanguka, ni chombo hicho hicho kinachomfikia katikati ya tope ambalo mtu kwa miguu angezama.

Hatari yake watu wa maji munaijua. Chombo kifupi hakitaki mtu wa kusimama ghafla. Anayeinuka kulenga, au anayeinama upande mmoja kuokota, hukipindua. Kipini ukipinduka utaogelea utoke. Bwawa la majitaka lina tope zito chini, na mtu hajui anakanyaga nini.

Kule Uingereza walifika mbali zaidi. Walifunga juu ya kimashua bapa bunduki ndefu kuliko mtu, mlio mmoja ukaweza kuangusha bata kwa makumi. Marekani nao walifanya hivyo kwenye ghuba ya Chesapeake kulisha masoko ya miji, mpaka bata wakaanza kuadimika. Mwaka 1918 ikapita sheria ya kulinda ndege wanaohama, na biashara ya kuuza bata wa mwituni ikafungwa. Mwingereza mmoja, Peter Scott, alikuwa stadi wa uwindaji huo ujanani mwake. Baadaye aliweka bunduki chini, na mwaka 1946 akaanzisha kituo cha kutunza ndege wa maji huko Slimbridge. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa shirika la wanyamapori la WWF. Mtu aliyewajua bata kwa kuwanyemelea ndiye aliyeona wanakwisha.

Kwa hiyo mtumbwi si tatizo. Tatizo ni maji yale, na bata wale.

Mabwawa yale ni ya nini

Wengi wetu tunaokaa Eastlands, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Dandora, Kayole na Komarock, hatujui tunachovuta chooni kinakwenda wapi. Kinakwenda Ruai. Mabwawa yale ndiyo mtambo wa kusafisha majitaka unaojulikana kwa jina la Dandora, ingawa uko mbele zaidi, mashariki ya mtaa huo. Sehemu kubwa ya majitaka ya Nairobi yanayopita kwenye mabomba huishia hapo.

Usafishaji wenyewe ni wa jua, bakteria na wakati. Maji huingia bwawa la kwanza yakiwa meusi, uchafu mzito ukazama. Yakapita la pili, la tatu, na kuendelea, mwani ukiota na vijidudu vikila uchafu. Kila bwawa lina nafuu kuliko lililotangulia. Mabwawa ya mwisho hujaa mwani na wadudu, na hicho ndicho kinachowavuta bata. Kwao ile ni karamu.

Wapo wa hapa hapa Afrika, kama yule mdogo mwenye mdomo mwekundu. Wengine ni wageni wanaotoka Ulaya na Urusi kukimbia baridi. Huanza kufika mwezi wa Oktoba na kuondoka kama Machi au Aprili. Mmoja utamtambua kwa mdomo wake mpana kama upawa. Wataalamu wa ndege wanayahesabu mabwawa haya miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege nchini Kenya, na kila Januari hufanyika hesabu ya ndege wa maji katika maziwa na mabwawa ya nchi.

Jambo la kuwagusa mulio nyumbani ni hili: maji yakitoka Ruai huingia Mto Nairobi. Mto Nairobi humwaga katika Athi. Athi mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na Sabaki huingia baharini kaskazini ya Malindi. Kinachofanyika huku hakiko mbali nanyi kama munavyodhani.

Mlango wa sheria

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikakaza zaidi: kuwinda kwa mchezo ni kosa, kuwinda kwa ajili ya kitoweo ni kosa, na kuuza nyama ya mwituni nako ni kosa. Ndege wa mwituni ni wanyamapori mbele ya sheria hiyo, hata akiwa bata na hata akiwa juu ya majitaka. Juu ya hayo, eneo la mtambo si la umma. Huingii bila ruhusa.

Nilimwambia mpwa wangu: ukikamatwa na bata kumi na kihori, utakuwa na mashtaka ya kuwinda, ya kuuza ukiwa umeuza, na ya kuingia pasipo ruhusa. Faini moja itameza kibarua chako cha miezi. Na mtoto wa Pwani akiwa mahakamani huku, nani wa kumwekea dhamana? Ni mimi na mama yako.

Mlango wa afya

Aliniambia, "Mjomba, nyama ikichemka sana vijidudu hufa." Ni kweli. Moto huua vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo, ingawa anayemnyonyoa na kumpasua bata yule huvishika kabla ya moto.

Lakini kuna vitu moto hauviwezi. Majitaka ya mji hubeba pia maji ya karakana na viwanda. Madini kama risasi na zebaki hayafi kwa kuchemshwa. Hukaa katika ini, figo na mifupa ya kiumbe, na mlaji huyapokea. Sisi wa Eastlands tusijifanye wageni wa habari hii. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi karibu na jaa la taka la Dandora, na nusu yao walikutwa na risasi nyingi kuliko kiasi kinachokubalika katika damu. Jaa si bwawa, lakini madini hayo tunayo mtaani tayari. Tusiyaongeze kwenye sufuria.

Hata marisau ya bunduki yenyewe yalionekana kuwa sumu. Bata huyaokota tope akidhani ni changarawe, naye akafa polepole. Marekani ilipiga marufuku marisau ya risasi katika uwindaji wa bata mwaka 1991.

Na hapa kwetu kuna wasiotumia bunduki wala mtumbwi. Kule Bunyala, magharibi ya nchi, kwenye mashamba ya mpunga, imeandikwa mara nyingi jinsi ndege wa maji walivyouawa kwa dawa ya wadudu iitwayo Furadan, kisha wakauzwa kuwa kitoweo. Mnunuzi hawezi kujua. Bata aliyekufa kwa sumu na aliyekufa kwa jiwe wakishanyonyolewa ni sawasawa. Ukiletewa mlangoni bata wa mwituni wa bei rahisi, hiyo pekee yatosha kuwa sababu ya kumrudisha.

Mlango wa halali

Hapa ndipo mpwa wangu aliponyamaza zaidi, maana alidhani kwa kuwa bata ni halali mambo yamekwisha.

Bata ni halali, hapana ubishi. Lakini wako wanaosema bata ni kiumbe wa majini kama samaki, kwa hivyo hata akifa mwenyewe analiwa. Si hivyo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, bata na bata bukini huishi nchi kavu na majini, na hawaliwi mpaka wachinjwe, au wawindwe kwa masharti ya uwindaji.

Masharti hayo yanaukata mpango wa Ruai vipande. Kijana alikusudia kutumia manati. Mnyama aliyekufa kwa kipigo cha kitu kisichokata ametajwa miongoni mwa vilivyoharamishwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 3. Ukimpiga kwa jiwe akafa kabla hujamfikia na kisu, huyo ni mzoga. Tena Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha Adi bin Hatim kwamba windo likianguka majini likakutwa limekufa, lisiliwe, kwa sababu hujui limeuliwa na mshale wako au na maji. Bata wa bwawani huangukia wapi kama si majini?

Na hata ukimpata mzima ukamchinja, bado liko suala la mnyama anayekula najisi, ambaye wanavyuoni humwita jallala. Mtume alikataza kumla. Wanavyuoni wetu wakaeleza afungiwe na alishwe chakula kisafi mpaka athari ya uchafu itoke. Imepokewa kwamba Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku siku tatu. Ni nani atakayemfungia bata wa Urusi chumbani Kayole? Kwa hukumu kamili waulizeni mashekhe wenu. Mimi ni mwandishi tu, lakini mashaka haya yananitosha kuacha.

Neno aliloniambia

Hakufurahi. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mjomba, wewe una mshahara."

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Ni rahisi kwa mwenye sufuria iliyojaa kumweleza mwenye njaa kwamba bata ana risasi. Kumkataza kijana mlango mmoja bila kumwonyesha mwingine ni kumwacha nje tu. Nilimpa zile 8,000 kama mkopo ule ule alioomba, kwa sharti moja: zisiingie Ruai. Alinunua jiko na karai, na sasa asubuhi anauza mbaazi kwa mahamri, jioni viazi karai, karibu na steji. Siku nyingine humaliza. Siku nyingine hurudi na nusu karai, na wenziwe hula bure.

Juu ya ujuzi wake wa mtumbwi, nilimwambia usipotee. Ghuba ya Mida, karibu na Watamu, vijana husindikiza wageni kuangalia ndege wale wale wanaotoka kaskazini ya dunia, na hurudi na pesa bila bata hata mmoja kufa. Delta ya Tana, kwao, imeorodheshwa tangu 2012 chini ya mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu. Anayejua kumsogelea bata kwa pondo bila kumrusha ana kazi ambayo mwenye kamera atailipia, mradi kaunti na wazee wa vijiji wamfungulie njia. Hilo ni la viongozi wetu kujibu, na nitalirudia siku nyingine.

Mpwa wangu bado hupita Ruai akipata kibarua. Aliniambia juzi kwamba akifika pale husimama kidogo akatazama. "Ni wengi, mjomba," alisema. Nikamwambia, watazame. Hakuna sheria wala fiqhi inayokataza hilo.

Wabillahi tawfiq.